Mpiga tarumbeta wa mfalme enzi za Bach aliishi maisha gani hasa?

TarumbetaMachame aliuliza:

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada, kuna jambo limenikaa kichwani tangu Krismasi na huku sijapata wa kumuuliza.

Mimi napiga tarumbeta kwenye kikundi cha matarumbeta cha usharika wetu huku Kilimanjaro, mwaka wa tisa sasa. Kwetu tarumbeta sio kitu cha kushangaa, wamisionari wa Kijerumani ndo walileta, babu alipiga, baba mdogo alipiga, na sa hivi binti yangu wa darasa la sita ameshaanza kushika zamu. Sasa Desemba mwalimu wetu katuletea kwenye flashi ile Oratorio ya Krismasi, kazi ndefu ya kwaya na vyombo ya Bach, yule mtunzi Mjerumani wa miaka ya 1700, tukaisikiliza wote baada ya mazoezi. Inaanza na ngoma peke yake, zinakuja filimbi, halafu matarumbeta matatu yanaingia huko juuuu, yaani mtu anapanda kama anapanda ngazi za mnara wa kengele. Mwalimu akasema hao watu walikuwa wanapiga hivyo bila pistoni hata moja, hivi vitufe tunavyobonyeza sisi. Bomba tu. Nimelala siku ngapi nalifikiria hilo bomba.

Kwa hiyo nauliza mawili. La kwanza, inawezekanaje kupiga tuni nzima kwenye bomba tupu? La pili ndo linanisumbua zaidi, hao wapigaji walikuwa kina nani? Nimesikia walikuwa wa ikulu za wafalme. Sasa walikuwa askari, watumishi, au mabwana wakubwa? Waliingiaje kwenye kazi hiyo, walilala wapi, walizeeka vipi? Mimi nikipuliza saa mbili mfululizo midomo inakufa ganzi, sasa mtu ambaye hiyo ndo kazi yake kila siku mpaka uzee aliishi vipi. Mwenye kujua anielezee taratibu, niko tayari kusoma hata kama ni ndefu.

MnyakyusaLeipzig alijibu:

Kaka umeuliza swali ambalo nililihangaikia mwenyewe nilipofika huku, maana nakaa Leipzig, Ujerumani, mji uleule ambao Bach alifanyia kazi miaka 27 na kila nikipita kanisa la Thomas nawaza hao watu walipumulia wapi.

Nianze na bomba kwa ufupi. Tarumbeta ya enzi hizo ya sauti ya D ina urefu wa mita 2 na zaidi kidogo ukilinyoosha, limekunjwa tu ili mtu aweze kulibeba. Bomba lolote la shaba lina noti zake za asili, unazipata kwa mdomo na pumzi peke yake. Huku chini noti ziko mbali mbali, ndo maana bugle ya jeshini inapiga noti nne tano tu. Lakini kadiri unavyopanda zinasogeleana, na ukizihesabu toka chini, kuanzia ya 8 kwenda juu zinakuwa jirani kabisa, hapo ndo unapata do re mi. Huko juu walikuita klarino, na aliyeweza kuishi huko alikuwa mtu wa kuheshimiwa sana. Bach anawapeleka mpaka noti ya 16, na kwenye ile kazi ya Brandenburg ya pili ya mwaka 1721 anafika ya 18. Halafu kuna noti korofi, ya 11 haiko fa wala fa iliyopandishwa, iko katikati, na ya 13 nayo iko chini ya pale inapotakiwa. Mpigaji alikuwa anaivuta kwa mdomo mpaka ikae sawa na vinanda. Huo uvutaji ndo ulikuwa ufundi wenyewe, na haukuandikwa popote, ulitoka kwa mtu kwenda kwa mtu.

Sasa kuhusu watu wenyewe, hapa ndo pana utamu.

Mwaka 1623 Kaisari Ferdinand II aliwapa wapiga tarumbeta na wapiga ngoma za shaba wa himaya ya Ujerumani chama chao, chenye haki iliyoandikwa na kupigwa muhuri, na mtawala wa Saxony, moja ya nchi za himaya hiyo, ndo akawa mlezi na mwamuzi wao, ugomvi wowote ulipelekwa kwenye ikulu yake Dresden. Tangu hapo tarumbeta sio chombo cha kila mtu. Ni chombo cha watawala, watu wa ukoo mkubwa na wapanda farasi wa vita. Mwanamuziki wa kawaida wa mjini, mpiga zumari wa harusi, mlinzi wa mnara, wote wakawa marufuku kulipuliza nje ya mipaka waliyowekewa. Saxony ilitoa amri kabisa mwaka 1661 dhidi ya watu wanaopuliza tarumbeta bila haki, na ikarudia tena na tena kwenye karne iliyofuata, ujue ukiona amri inarudiwa hivyo ni kwamba watu walikuwa wanapuliza tu. Kuna kisa cha mji wa Hannover, wapigaji wa ikulu walimsikia mwanamuziki wa mji anafanya mazoezi ya tarumbeta nyumbani kwake, wakavamia, wakamnyang'anya na kumng'oa meno. Meno kaka. Wewe unajua mpigaji bila meno ya mbele ni nani.

Kuingia ilikuwa hivi. Kijana alikaa kwa bwana wake miaka miwili. Ada ilikuwa taler 100, sarafu za fedha za Kijerumani, nusu anapopokelewa na nusu anapoachiliwa huru, hela ambayo fundi wa kawaida hakuwa nayo mfukoni, na bwana alifundisha mwanafunzi mmoja tu kwa wakati, isipokuwa mwanae wa kumzaa alikuwa na masharti nafuu. Ndo maana kazi ikabaki kwenye familia, baba anampa mwana kama nyinyi hapo Machame. Kwanza alijifunza milio ya vita, ipo mitano mikubwa: kufunga matandiko, kupanda farasi, kuondoka, kurudi nyuma, na kukusanyika kwenye bendera. Hiyo haikuandikwa kwa noti, ilikaririwa kwa sikio na ilikuwa siri ya chama. Na hata ukishaachiliwa huwezi kuitwa mpigaji wa vita kamili wala kufundisha wengine mpaka uende kampeni moja ya vita ukarudi hai.

Na siku yake ya ikulu ilikuwaje? Alipuliza kuita watu mezani, mara nyingi mchana na jioni, yeye na wenzake wamesimama uwanjani au barazani na ngoma ya shaba inawajibu. Alipuliza mgeni anapoingia, bwana mkubwa anapotoka kuwinda, anapooa, anapozikwa, na Jumapili alipanda kwenye roshani ya kanisa la ikulu. Alivaa koti la rangi za bwana wake, upanga kiunoni, na manyoya ya mbuni kwenye kofia, manyoya ambayo mtu wa kawaida hakuruhusiwa. Tarumbeta lenyewe mara nyingine lilikuwa la fedha na linaning'inia bendera yenye nembo ya bwana. Na alikuwa na farasi, hakutembea na kundi la waenda kwa miguu.

Kazi yake nyingine watu huwa hawaijui, alikuwa mjumbe. Wakati wa vita jenerali akitaka kuongea na adui anamtuma mpiga tarumbeta na barua. Anaenda peke yake mpaka mbele ya mstari wa adui, anapuliza, anasubiri, wanamfunga kitambaa machoni wanampeleka kwa mkubwa wao. Kumpiga risasi ilikuwa aibu kubwa. Kwa hiyo alitakiwa awe na akili, ajue lugha, na aangalie vizuri njiani kuna nini. Kama unauliza alikuwa askari au mtumishi jibu ni vyote viwili, na kidogo cha balozi.

FundiMabomba alijibu:

Naongezea upande wa chombo, maana mimi natengeneza matarumbeta na matuba ya bendi za mashule na makanisa huku Mwanza, nanyoosha, nalehemu, nabadilisha pistoni zilizokwama.

Vyombo bora vya enzi hizo vilitoka mji wa Nuremberg, Ujerumani, kulikuwa na familia za mafundi zinarithishana vizazi kwa vizazi, Schnitzer, Hainlein, Ehe, Haas. Johann Wilhelm Haas aliweka alama ya sungura anayeruka kwenye kazi zake na mpaka leo ukiliona tarumbeta lina sungura kwenye jumba la makumbusho ujue ni la ukoo huo. Walianza na bati la shaba, wanalikata, wanalikunja juu ya nondo, wanalehemu mshono kwa urefu wote, halafu wanaligonga na kulilainisha kwa moto, wanagonga tena. Hakuna mashine ya kuvuta bomba. Kwa hiyo ndani bomba halikuwa laini kama la kiwandani, lina vibonde vibonde vidogo, na wanaopiga hivyo vyombo wanasema huo ukwaruzo ndo unasaidia kuivuta ile noti ya 11 ikae. Mimi naamini, kwa sababu nikipiga bomba jipya lililonyooka sana noti inakaa pale pale haikubali kusogea.

Kingine nilichokipenda, zile sehemu hazikulehemiwa zote. Vipande vinaingia tu kimoja ndani ya kingine, kati ya mabomba mawili wanaweka kipande cha mti na wanafunga kwa kamba ya sufi, basi. Ukiliangusha vitani unalifungua mwenyewe unalinyoosha. Fundi aliyefikiria hivyo alikuwa anamfikiria mtu aliye juu ya farasi.

TarumbetaMachame nina jaribio kwako. Tarumbeta lako la B bila kubonyeza kitu ni fupi, halifiki mita 1 na nusu, kwa hiyo noti zake za asili ziko mbali sana hutaelewa kitu. Lakini bonyeza pistoni zote tatu uzishikilie usiziachie kabisa, hewa inapita kwenye mabomba yote ya ziada, urefu unafika mita 2 na kitu, karibu kabisa na lile tarumbeta lao. Hapo sasa panda kwa mdomo peke yake uone. Noti ya 4, 5, 6 utazipata mara moja. Ya 7 utaona imelala. Kuanzia ya 8 ndo kazi. Lakini usifanye kwa hasira na usibane mausipisi (kile kidomo cha kupulizia) kwenye meno, mausipisi yao yalikuwa mapana kuliko lako na ukingo wake bapa, ndo yaliyowasaidia kukaa juu muda mrefu.

MamaSiwaAmu alijibu:

Assalaam aleikum wanangu. Nasoma hapa kimyakimya nikaona nami nichangie, maana haya mambo ya baragumu kuwa mali ya mtawala sisi huku pwani hatuhitaji kuelezwa mara mbili.

Kwetu Lamu lipo siwa la shaba na Pate lilikuwapo siwa la pembe za ndovu, la urefu wa zaidi ya mita 2, limechongwa kwa nakshi, na wajuzi huliweka karibu mwisho wa karne ya 17, yaani zama zilezile za hao Wajerumani wenu. Halipulizwi mwishoni, hupulizwa ubavuni penye tundu. Na si kila mtu hupuliza wala si kila arusi hupulizwa. Siwa ndilo lililoonyesha kuwa huyu ni mtawala na huyu si mtawala, siwa likienda kwa mwingine ni kama enzi imekwenda nalo. Nalikumbuka nikiwa mdogo nyanya akitwambia tusilitaje kama chombo cha mchezo, akisema lile lina heshima yake.

Na Wareno wa Vasco da Gama walipofika Malindi mwaka 1498 waliandika kuwa walimwona mfalme amekuja na wapiga baragumu wengi, na kati yao mabaragumu mawili ya pembe za ndovu yaliyonakshiwa, urefu wa mtu mzima, yakipulizwa kwa tundu la ubavuni. Fikirini wanangu, hao Wareno nao walikuwa na matarumbeta yao merikebuni, wakasikia ya kwetu wakayasifu. Basi mimi naona kila palipo na mtawala pana mtu wa kumpulizia, na yule mpulizaji huwa hana siku yake mwenyewe. Mfalme akiamka usiku, naye huamka.

TarumbetaMachame aliandika:

Shikamoo mama, asante sana, siwa nilikuwa nalisikia jina tu. MnyakyusaLeipzig na FundiMabomba sijui niwashukuruje, nimesoma mara tatu. Jaribio nalifanya Jumamosi nikirudi kazini mapema, majirani nimeshawaomba radhi.

Ila mmeniachia swali moja. Huyo mwanamuziki wa mjini aliyekatazwa, je Bach alipata wapi wapigaji? Maana Leipzig sio ikulu.

Kaptula_Nakuru alijibu:

Naomba nipinge kidogo kwa heshima. Naona tunaongea habari za manyoya na upanga kama vile ilikuwa raha tupu. Mtu aliyevalishwa rangi za bwana wake, akapewa chombo chenye nembo ya bwana wake, akapuliza bwana anapokula na yeye mwenyewe amesimama nje kwenye baridi, huyo ni pambo. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alikuwa na matarumbeta 12 kwenye idara yake ya farasi, ndiyo, idara ya farasi, huko ndiko walikoorodheshwa.

Na kuna jambo lingine linaniuma. Ikulu za Ujerumani zilipenda kuwa na Waafrika kama wapiga tarumbeta na wapiga ngoma, kwa sababu ya maonyesho, ili wageni washangae. Yuko mmoja anaitwa Christian Real, aliletwa kutoka Afrika Magharibi akiwa mtumwa, akabatizwa Lindau miaka ya 1650, akaja kuwa mpiga tarumbeta wa ikulu ya Württemberg pale Stuttgart. Jina lake la nyumbani halikubaki, limebaki la ubatizo. Na kabla yake Uingereza alikuwapo John Blanke, mweusi, mpigaji wa Henry wa 7 na Henry wa 8, amechorwa kwenye karatasi ndefu ya mashindano ya Westminster ya mwaka 1511 akiwa juu ya farasi na kilemba kichwani. Alilipwa senti 8 za Kiingereza kwa siku na akamwandikia mfalme barua kuomba alipwe sawa na wenzake, 16, na akapewa. Hiyo barua naipenda kuliko manyoya yote. Mtu kasimama akasema kazi ni ileile, mshahara uwe uleule.

MnyakyusaLeipzig alijibu:

Kaptula_Nakuru hujakosea, na hilo la Real huku Stuttgart watu wengi hawalijui kabisa. Kilichonigusa mimi ni kwamba chama kile kilichokuwa kinadai wazazi wa heshima na ndoa halali, na Real hakuwa na hata karatasi moja ya wazazi, bado alilishika hilo tarumbeta na cheo chake. Siwezi kusema ikulu ilikuwa na huruma. Bwana akitaka kitu sheria ya chama inakunjwa, ndo tafsiri yangu.

Kaka wa Machame, swali lako la Leipzig ni zuri sana. Leipzig ulikuwa mji wa wafanyabiashara, kwa hiyo Bach alitumia wanamuziki walioajiriwa na halmashauri ya mji, na mkubwa wao alikuwa Gottfried Reiche. Huyu alizaliwa 1667 Weissenfels, mji mdogo hapa kusini magharibi ya Leipzig wenye ikulu juu ya kilima. Kumbuka hilo jina Weissenfels, nitalirudia. Reiche alipuliza noti nyingi zile ngumu za Bach kwa miaka zaidi ya 10. Iko picha yake ya rangi aliyochora Haussmann, amekaa, ameshika tarumbeta lililokunjwa duara kama nyoka na karatasi ya noti mkononi, uso mpana, mtu ameshiba kazi.

Jioni ya tarehe 5 Oktoba 1734 mtawala wa Saxony, ambaye pia alikuwa mfalme wa Poland, alikuwa Leipzig, na wanafunzi wa chuo kikuu wakamfanyia muziki wa usiku nje uwanjani, kazi ya Bach, wakiwa na mienge mamia kwa mamia. Reiche alipuliza. Kesho yake akiwa anarudi nyumbani alianguka barabarani akafa, kiharusi. Mwandishi wa habari za mji aliandika kuwa alichoka mno kwa kupuliza usiku ule na moshi wa mienge ulimdhuru. Alikuwa na miaka 67. Sasa ile Oratorio ya Krismasi mliyosikiliza kwenye flashi ilipigwa mara ya kwanza Krismasi ya mwaka uleule 1734, Reiche ana chini ya miezi 3 kaburini. Na ule mwanzo wa ngoma na matarumbeta Bach aliutoa kwenye kazi ya Desemba 1733 aliyoandika kwa sikukuu ya kuzaliwa ya malkia, wakati Reiche bado yuko hai na ndiye mkubwa wa matarumbeta ya mji. Kwa hiyo zile ngazi za mnara unazosema ziliandikwa kwa kipimo cha pumzi yake, na wakati zinapandishwa kwa ajili ya Krismasi kapanda mtu mwingine. Mimi siwezi tena kuzisikia bila kumfikiria.

Narudi Weissenfels. Mke wa pili wa Bach, Anna Magdalena, baba yake Johann Caspar Wilcke alikuwa mpiga tarumbeta wa ikulu hapo. Walioana Desemba 1721. Kwa hiyo Bach akiandika sehemu ya tarumbeta, nyumbani ana mke aliyekulia na huo mlio tangu utotoni, na mkwe wa kumuuliza kinachowezekana na kisichowezekana.

Na ikulu hiyohiyo alikuwepo mpigaji mwingine, Johann Caspar Altenburg, na mwanae Johann Ernst alizaliwa hapo 1734, mwaka uleule aliokufa Reiche. Huyu mtoto ndo jibu la swali lako la pili, la walizeeka vipi. Alikua anaona baba yake na upanga na koti, akafundishwa kazi. Lakini mwaka 1746 mtawala wa Weissenfels akafa bila mrithi, nchi ikarudishwa kwa Saxony na ikulu ikafungwa. Siku moja unayo ikulu yenye wapigaji, siku nyingine milango imefungwa na mlio wa meza hausikiki tena mjini. Mtoto ana karibu miaka 12. Baba akaendelea kumfundisha hivyo hivyo, akamwachilia huru mwaka 1752, cheti mkononi, amekamilika, na hakuna kazi. Ikulu zilikuwa zinapunguza watu, muziki wenyewe ulikuwa unabadilika, watunzi wapya hawakutaka tena klarino ya juu, tarumbeta likarudishwa nyuma kupiga noti mbili tatu na ngoma. Akajifunza kinanda cha kanisa. Ikaja vita ya miaka 7, 1756 mpaka 1763, akaenda kama mpigaji wa vita upande wa jeshi la Ufaransa. Akarudi. Akapata kazi ya kupiga kinanda kwenye mji mdogo wa Bitterfeld na hapo ndo akakaa zaidi ya miaka 30 mpaka kifo 1801, katika umaskini.

Lakini huyo mzee maskini alifanya kitu ambacho chama kilikataza miaka yote. Aliandika. Kitabu chake kilitoka mji wa Halle mwaka 1795, kinaeleza sanaa nzima ya tarumbeta na ngoma, haki zao, ada zao, namna ya kukaa na mdomo, namna ya kukata ulimi, mpaka milio ya vita na majina yake. Karibu yote niliyokuambia juu kuhusu miaka miwili na taler 100 yanatoka kwake. Alikuwa analalamika kwamba zamani walikuwa na heshima na sasa hawana, na ukimsoma unaona anaamini kabisa ile heshima ilikuwa yake. Hapo ndo nakubaliana na Kaptula. Heshima ilikuwa ya bwana, bwana akafa bila mtoto ikafa naye. Ila ufundi wa mdomo ulikuwa wake Altenburg, na angekaa na siri ya chama mpaka mwisho ungezikwa Bitterfeld. Chama chenyewe kilifutwa Prussia 1810 na Saxony 1831, na pistoni zikaanza kutengenezwa hapo hapo katikati, baada ya 1814.

FundiMabomba alijibu:

Hilo la midomo naomba niseme kitu kimoja, maana kaka aliuliza ganzi. London alikuwepo John Shore, mpigaji wa ikulu, wa familia ya wapigaji watupu, Purcell, mtunzi wa Kiingereza, aliandika kazi kwa ajili ya hao kina Shore. Inaelezwa mdomo wake ulipasuka kwa kupuliza na hakuweza kupiga tena. Huyo huyo Shore ndo aliyebuni ile uma ya chuma ya kupimia sauti mwaka 1711, ambayo mpaka leo walimu wa kwaya wanagonga kwenye goti. Kwa hiyo kaka ganzi ikija weka chombo chini. Siku mbili za kupumzika ni bora kuliko mdomo mmoja.

TarumbetaMachame aliandika:

Wakuu nimerudi. Nimefanya jaribio Jumamosi na Jumapili baada ya ibada, pistoni zote tatu chini, nimezifunga kwa mpira wa baiskeli ili vidole visinidanganye.

Ya 4, 5 na 6 zimekuja zenyewe kama fundi alivyosema. Ya 7 kweli imelala, binti yangu akaniambia baba hiyo sio. Ya 8 nimeipata na nimeweza kuishikilia. Ya 9 imekuja siku ya pili. Ya 10 nimeigusa mara nne hivi na mara mbili ilikuwa safi kabisa, ina mlio mwembamba wa kung'aa ambao sijawahi kuutoa kwenye tarumbeta hili miaka yote tisa. Ya 11 imenipita katikati, iko pale mlipoiweka, sio fa na sio ile nyingine, nikajaribu kuivuta chini kwa mdomo ikasogea kidogo kisha ikaruka. Hapo nimesimama. Reiche alikuwa anaanza kazi pale ambapo mimi pumzi inaisha, na akapuliza hivyo mpaka miaka 67 nje usiku kwenye moshi.

Mwalimu nimemsomea habari za huyo Altenburg na mtawala aliyekufa bila mrithi. Alinyamaza muda, kisha akaniomba nimwandikie jina la kitabu. Dada au kaka yeyote aliye Ujerumani mwenye kujua kama kimetafsiriwa lugha tunayoweza kuisoma huku naomba aniambie. Binti anataka kujaribu na yeye, nimemwambia asubiri meno yake mawili ya mbele yakomae kwanza.